Chumvi ya Mama Winnie

Mwaka mzima wa 2013 Nesi Herieth alihubiri pale zahanati ya Murungu hadi sauti ikamkauka: nunueni chumvi iliyotiwa madini joto, ndiyo kinga ya rovu. Mama Winnie alinunua hiyohiyo, tena alimwonyesha na pakiti. Sasa mbona shingo ya Winnie ilizidi kuvimba? Herieth akaamua kwenda kujionea mwenyewe jikoni.

Akamkuta Mama Winnie anaosha chumvi. Anaiosha, jamani! Chumvi ya mawe, ndani ya beseni, kama mchele.

"Mama, unafanya nini?"

"Ina vumbi la kiwandani, nesi. Mimi simlishi mwanangu uchafu."

Herieth akashika kiuno. "Hayo madini wameyatia makusudi, kwa ajili ya shingo ya huyo mwanao! Ukiosha, yote yanakwenda na maji!"

"Hayapotei," Mama Winnie akamtuliza. "Maji yake nawanywesha mbuzi."

Herieth akageuka. Mbuzi walikuwa uani wamenyoosha shingo, nyembamba, laini, hazina hata dalili ya uvimbe.

"Kumbe waliokingwa na rovu hapa ni mbuzi!"

Mama Winnie akauliza kwa upole, "Kwa hiyo, nesi, hawa niwanyime?"