Mlango wa Nyar Asumbi

Filister alikuwa anamenya viazi kwa veranda ya nyumba salama pale Suna, Migori, ile nyumba wanawake hukuja wakiwa wamepigwa ama wamevamiwa, wengine na nguo moja tu mwilini. Mara fundi Sammy akaingia kwa geti na pikapu, na nyuma ya pikapu ile mlango ya chuma bado imefungwa kamba vile ilitoka. Mlango mpya kabisa, bluu, hata haijakwaruzwa! Filister akaiona tu, roho ikashuka hadi kwa slipa.

"Wamekataa," Sammy akasema. "Shemeji yako alinikaribisha chai, akanipatia hadi ndizi, halafu akaniambia nirudi Migori pole pole."

"Cephas?"

"Huyo huyo. Mtu mpole sana. Lakini kwa mlango, hataki mchezo."

Na wacha ujue, hiyo mlango ndiyo kitu moja ilikuwa imebaki ndio arudi nyumbani. Wezi walipiga teke mlango yake ya mbao kule Homa Bay, chini karibu na ziwa, wakabeba magunia ya samaki wadogo, omena, za kuuza, na vile alikataa kuachilia gunia ya mwisho, wakamkata mkono. Watu wa Suna ndio walimchukua kutoka hapo. Hospitali hakuulizwa pesa. Kaunsela Bosibori alikuwa anakaa na yeye kila asubuhi, wakiongea ama wakinyamaza tu, hadi usingizi ikarudi. Wezi walishikwa, na siku ya korti Bosibori ameahidi kukaa benchi ya mbele, ndio Filister akiongea aone uso anajua. Sasa ni kurudi nyumbani kwa watoto. Lakini atalala aje nyuma ya mbao imepigiliwa misumari, hata kuku ikiiegemea inacheza?

Bosibori akatoka ofisini, miwani juu ya kichwa. "Mtu mzima anakataa mlango ya bure? Kwani anataka wezi warudi?"

"Si hivyo, madam." Filister akaweka kisu chini. "Mimi ni mjane na sijarithiwa. Cephas ndiye alikuwa anirithi, nikakataa, ako na mabibi wawili tayari. Sasa kwetu, kama mwanaume wa boma hajakuingia, hakuna mwanaume wa nje anashika paa yako ama mlango yako. Akishika, laana ya chira inakuja. Watoto wanakonda, wanakonda tu, hadi wanaisha."

"Na wewe unaamini?"

Filister akafikiria. "Nikiwa hapa na wewe, siamini. Lakini mtoto wangu Beverly akikohoa mara moja, najua nitaangalia hiyo mlango."

Bosibori akajipiga paji la uso. Yeye ni wa Kisii, na hakuwa ameuliza mtu. Alituma fundi vile mtu hutuma emoji, bila kufikiria. "Aki pole, mama Beverly. Hiyo ni makosa yangu. Sikia, tunaweza kukutafutia chumba Rongo, ya mawe, karibu na soko."

"Na nyumba yangu?"

"Si itakaa tu?"

"Hiyo udongo nilikanyaga na hii miguu. Wezi wanifukuze, halafu mlango pia inifukuze?" Hakupaza sauti. Alikuwa anaangalia tu ile bluu kwa pikapu, anaangalia, hadi kitu ikawaka kwa kichwa. "Sammy. Hii uliichomelea wewe?"

"Mimi? Zi! Ni Susana. Mimi huendesha gari na kukaza boliti."

"Susana ni mwanamke?"

"Mkuria mmoja wa hapa nyuma. Ukimpata na ile mashine utaanza kubishana na macho yako, lakini ndio, ni mwanamke. Ni mama ya watu."

Halafu Filister akaanza kucheka, kicheko ya meno yote, na hakuna mtu Suna alikuwa ameona hizo meno tangu aletwe.

"Basi mtume Susana," akasema. "Na mimi naenda na yeye."

Walipofika, Cephas alikuwa amesimama kwa njia ya boma na gambuti, kama askari wa benki. Mama yake ameketi kwa kigoda akichagua mawe kwa maharagwe, na Beverly na ndugu zake wakatoka mbio wakamrukia Filister hadi akakaribia kuanguka.

"Nyar Asumbi," Cephas akasema, yaani binti wa Asumbi, kwani huko ndiko Filister alizaliwa, na hapo boma hakuna mtu humwita vingine. "Umerudi na mlango tena?"

"Nimerudi nayo, shem."

"Si ungekubali tu yale maneno yetu? Ningeiweka mimi mwenyewe, bure."

"Bure yako naijua."

Cephas akachungulia ndani ya pikapu. "Na fundi ako wapi?"

"Ni mimi," Susana akasema, akishuka na sanduku ya vyombo.

"Wewe?"

"Mzee, angalia vizuri. Umeona ndevu?"

Mama mkwe akacheka hadi maharagwe ikamwagika. "Cephas, wachana nao! Mwiko ni ya mwanaume wa nje. Mimi hapa sioni mwanaume wa nje."

"Lakini mama, wazee watasema nini?"

"Watasema umeshindwa na wanawake. Enda ulete maji, fundi akunywe."

Na Cephas, yawa, akaenda kuleta maji.

Susana akang'oa ile mbao, akaweka fremu, akakaza boliti kubwa kubwa hadi ndani ya nguzo. Jua ilikuwa bado juu akimaliza. "Haya, ingia ujifungie. Nataka kuijaribu."

Filister akaingia na Beverly. Akasukuma komeo ya juu, akasukuma ya chini.

"Nipige?" Susana akauliza kutoka nje.

Ile kovu ikaanza kuwasha. Akafanya vile Bosibori alimfunza: akakanyaga chini na nyayo zote mbili, akataja kwa sauti vitu anaona. "Sufuria. Jiko. Beverly."

"Niko hapa, mama."

"Piga!"

Teke ikalia kama radi. Mlango haikutingika.

"Tena!"

"Wacha mimi," sauti ya Cephas ikasema huko nje, halafu kishindo, halafu, "Uwi! Kidole yangu!" na mama mkwe akaanza kucheka upya.

"Mama," Beverly akauliza, "leo tunalala hapa?"

"Hapa."

"Nyar Asumbi, fungua basi!" Cephas akaita. "Chai imeiva."

Filister alikuwa na mkono kwa komeo. Akautoa. Akaenda akaketi kwa kitanda yake, akamvuta mtoto karibu.

"Ngojeni," akasema. "Nitafungua nikitaka."

Na huko nje, wote wakangoja.