Hippolyte Amekwama Iga Barrière

Saa nne asubuhi Bernadette alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, katika soko kuu la Bunia, simu yake juu ya kiroba, Yannick alipokuja. Yannick ni dereva wa lori la Ariwara.

— Mama Liévin, nimeona Papa Hippolyte kwa njia, Iga Barrière. Iko anasimama tu, muguu moja juu.

— Pale walimuua?

— Njo palepale.

Bernadette akaitazama simu. Kioo kilikuwa kimezima.

Hippolyte, mumewe, aliuawa kwenye kizuizi cha barabarani cha Iga miaka minne iliyopita, siku aliyosahau nyumbani kadi yake ya uchaguzi, kitambulisho pekee alichokuwa nacho. Nyumba nayo iliungua. Ilibaki picha yake moja, ndani ya simu hii yenye betri iliyovimba kama andazi. Mwana wao Liévin, fundi wa simu kule Ariwara, alitengeneza mashine yake ya kuhifadhi picha za familia, akamwekea mama programu ya kuzituma huko; asubuhi hiyo Bernadette alikuwa ameituma ile ya Hippolyte. Picha zilikwenda kwa miguu. Za watu waliolipia ghala la kampuni ya simu zilipita hata simu ikilala. Programu ya Liévin ilisimamishwa kila kioo kilipozima, na picha iliyokuwa njiani ilisimama ilipofikia. Eti ni kuokoa betri. Uongo mtupu.

Yannick alikuwa amejaribu kumpakia Hippolyte. Alikuwa mzito kuliko lori.

Mikono ya Bernadette ilikuwa imejaa sombe, basi akagusa kioo kwa kiwiko. Huko Iga Barrière mguu ukashuka. Dakika moja baadaye kioo kikazima tena, na Bernadette akaogopa sana. Hakuwa na hakika kwamba mtu hauawi mara mbili.

Akafungua fundo la kitenge, akatoa kadi ya Hippolyte, aliyokimbia nayo nyumba ilipoungua. Uso kwenye kadi ulikuwa umefutika kwa jasho, jina tu ndilo lililosomeka.

— Mupatie hii. Safari hii asiisahau.

Yannick akaondoka nayo. Wanawake wa likelemba, waliozoea kuchangiana fedha kwa zamu kila juma, wakakubaliana kwamba juma hili watachanga vidole.

— Weye twanga, Régine, mmoja wao, akamwambia. Siye tutamutembeza.

Wakagusa kioo kwa zamu. Saa saba Yannick akampigia Régine: Hippolyte amebakiza hatua tatu kufika kwenye kamba ya kizuizi.

Saa nane, zamu ya Ketsia, simu ikauliza kama programu hii inayokula betri isimamishwe. Kitufe kilikuwa kimoja, cha kukubali. Ketsia hakukigusa. Simu ikajijibu yenyewe, programu ikasimama.

Liévin aliiandikia kampuni. Ilimshukuru, ikamweleza kwamba betri yake inalindwa. Betri ilikufa Jumapili, na simu haikuwaka tena.

Kadi ilifika. Yannick alimvika Hippolyte shingoni kwa uzi, pale aliposimama mbele ya kamba. Kila asubuhi walinzi wa kizuizi huisoma, huona iko sawa, humwambia apite.