Injini ya Kwenye Bango

Watu hudhani injini inayotangazwa ndiyo nzuri kuliko zote. Thubutu! Iliyo nzuri haina haja ya tangazo. Madereva wanaipigia debe bure kwenye vituo vya mafuta, kikombe cha chai mkononi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika kiwanda kile cha malori kazi ya kukitembeza kibaya ilikuwa ya mwanamke mmoja aliyekaa ghorofa ya juu, karibu na mashine ya fotokopi. Ofisi nzima ilimwita Mama Maneno. Kila kilichosomwa kwenye mabango ya kampuni kilitoka kwake, na alikuwa fundi wa kazi hiyo, tusimnyime haki yake.

Siku ya kuchagua injini ya kutangazwa walikutana watatu: yeye, mkuu wa mauzo, na mhandisi aliyeingia na ovaroli yenye madoa ya grisi. Kiwanda kilikuwa na injini mbili. Moja ilikuwa ya siku nyingi, na madereva waliibatiza Bibi, kwa sababu ilikunywa mafuta bila huruma lakini haikuwahi kumwacha mtu njiani. Nyingine ilikuwa mpya, nyepesi, nguvu tele, mafuta kidogo. Hiyo waliiita Kijana.

"Kijana anapanda mlima vizuri sana," mhandisi alisema. "Shida ni kushuka. Ukiwa na mzigo kamili, breki yake ya injini haishiki. Lori linamkimbia dereva, anabaki kukanyaga breki za magurudumu, na hizo zikishapata moto, kwisha habari. Nipeni muda nimrekebishe."

"Yadi imejaa Kijana," mkuu wa mauzo akamkata. "Bibi anaondoka kabla rangi haijakauka. Nitangaze nini, kitu ambacho kinajiondokea chenyewe?"

"Basi tangaza kupanda. Kushuka unyamaze."

"Washindani wote wanatangaza kupanda. Dereva haogopi kupanda, bwana. Dereva anaogopa kushuka."

Hapo alisema kweli tupu, ndiyo maana inauma. Injini ilichaguliwa kwa sababu imejaa yadini, na sifa yake ikachaguliwa kwa sababu ndiyo hofu ya mteja. Kama injini yenyewe inayo sifa hiyo au haina, hakuna aliyeuliza tena. Mama Maneno akaandika palepale, kwa kalamu iliyokuwa ikikatakata wino: *Shuka umepumzisha mguu.* Mkuu wa mauzo alipiga meza kwa furaha. Mhandisi alitoka bila kuaga.

Picha zilitakiwa zipigwe kwenye mteremko mrefu nje ya mji, na alihitajika dereva anayeujua. Mama Maneno akampendekeza mdogo wake, aliyebeba saruji kwenye mteremko huo tangu ujana. Wenzake walimwita Taratibu. Walisema kobe angempita, akafika, akamwekea nafasi ya kuegesha. Lakini Taratibu hakuwahi kukwangua hata kioo cha mtu, na alikuwa na msemo wake: "Karatasi itanidanganya. Mguu wangu haunidanganyi."

Kabla hajafika, dereva wa kiwanda alimjaribu Kijana akiwa na nusu ya mzigo tu. Lori likamkimbia, akalichomeka kwenye tuta la mchanga ndipo likasimama. Mkuu wa mauzo hakubabaika. Akaagiza lori lingine, jipya nje, nembo ya Kijana mlangoni, na ndani yake amekaa Bibi. Mama Maneno aliambiwa.

"Ni picha tu," mkuu wa mauzo alimwambia. "Hata matunda ya kwenye matangazo ni ya plastiki."

Taratibu alifika na shati alilopigiwa pasi na mama yao. Akazunguka lori, akagonga matairi, akataka kuinua kabini aione injini. Fundi akamwambia imeshakaguliwa, jua linatuacha, panda. Akapanda. Akashuka mteremko wote na mzigo kamili, kamera imefungwa chini ikiutazama mguu wake wa kulia, umelala sakafuni kama umetoka kula. Alipofika chini aliruka nje, uso umechanua.

"Ama kweli! Limekamata kama askari aliyemkaba mwizi!" Kisha akainamisha kichwa, akisikiliza. "Lakini dada, mbona inanguruma kama Bibi?"

Mkuu wa mauzo alikuwa pembeni anakunywa maji. Alimtazama tu Mama Maneno. Na ulimi hauna mfupa.

"Ukoo mmoja," alijibu akicheka. "Mjukuu asifanane na bibi yake, afanane na nani?"

Taratibu alicheka mpaka akashika magoti. Angemshuku kwa lipi? Huyu ndiye dada aliyembeba mgongoni utotoni, wakati mama yao yuko kazini. Mtu hamkagui dada yake kama anavyokagua matairi.

Mabango yakapanda mji mzima. Tajiri wa Taratibu alipotaka kununua malori mapya, hakupoteza muda kuyasoma. Alimwita dereva wake.

"Wewe umeliendesha. Linashika?"

"Linashika, bosi. Mguu wangu shahidi."

Basi, yakanunuliwa, na la kwanza akapewa Taratibu mwenyewe. Mama yao ndiye aliyemweleza Mama Maneno habari hizo jikoni, kwa fahari, huku akichambua mchele. Mama Maneno alitoka uani akampigia mdogo wake simu.

"Mdogo wangu, kesho ukishuka, usiitegemee sana ile breki ya injini."

"Heee! Tangu lini unanifundisha kazi? Maneno ni yako, mteremko ni wangu."

"Nasema tu uwe mwangalifu."

"Kwani naitwa nani mimi?" Alikuwa anacheka. "Hii yangu ina sauti nyembamba kuliko ile ya siku ya picha. Lakini ukoo mmoja, si ulisema?"

Mama Maneno alikuwa na sentensi mdomoni, fupi kuliko zote alizowahi kuandika, na hakuisema. Alicheka naye, akamtakia safari njema. Aliogopa kufukuzwa kazi, huo ndio ukweli, tusiupake rangi.

Njia yote mpaka ukingo wa mteremko ni tambarare, kwa hiyo Taratibu hakupata pa kulipima lori lake. Alipoanza kushuka aliweka gia ndogo na mguu akaulaza, kama alivyojua. Lori likamkimbia. Aliporudi kwenye breki za magurudumu, hazikudumu. Chini ya mteremko kulikuwa na nyumba ya mke na mume waliokuwa wanakunywa chai mlangoni. Lori likaivamia, na wote wawili walikufa. Taratibu alitolewa hai. Mguu wa kulia haukupona, madaktari waliukata juu ya goti.

"Dereva amekosea," mkuu wa mauzo alisema kiwandani, hata salamu hakutoa. "Injini tumeionyesha. Yeye mwenyewe yumo kwenye picha, mguu umelala. Mama Maneno, tuandikie taarifa, pole ziwe mwanzoni."

Hakuandika. Alichukua mkoba akaenda hospitali. Kwenye benchi nje ya wodi alimkuta mama yao, ameketi na askari aliyekuwa akingoja kuchukua maelezo. Alipita bila kumtazama mama usoni.

Taratibu alikuwa macho. Midomo ilikuwa imekauka.

"Dada, nimeushuka ule mteremko kichwani usiku kucha. Gia ilikuwa sawa. Mwendo ulikuwa sawa. Nilikosea wapi?"

Mama Maneno alikaa kwenye kiti, mkoba mapajani.

"Nadhani nilisinzia," Taratibu akasema. "Sikumbuki kusinzia, lakini lazima nilisinzia. Nitamwambia askari hivyo. Watu wamekufa, dada. Haiwezekani asiwepo aliyekosea."

"Hukusinzia." Mama Maneno aliweka mkoba chini. "Siku ile ya picha, mle ndani hakuwemo Kijana. Alikuwemo Bibi. Walibandika nembo tu. Kijana hashiki kwenye mteremko, na nilijua."

Taratibu alimtazama. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza kwa mdomo wangu, dada. Ukacheka. Nami nikaenda kumwambia tajiri kwamba mguu wangu shahidi." Alivuta shuka, akafunika pale mguu ulipoishia. "Mwite askari."

Mama Maneno alifungua mlango. Mama yao aliinuka haraka, akamshika mkono, akauliza mwanawe amesemaje, na yeye akamwashiria askari aingie. Waliingia wote. Askari alivuta kiti karibu na kitanda, akafungua kalamu.

"Haya, dereva, pole sana. Tueleze ilikuwaje."

Taratibu aligeuza uso ukutani.

"Muulize huyo," alisema. "Maneno ni yake."