Nusu ya Ubao

Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025. Asubuhi wingu lilishuka hadi kwenye vilima vya mchanga vya Shela, lakini mvua haikunyesha wala upepo haukuvuma. Niliswali, nikaomba siku ipite salama. Nilijua kwamba baada ya alasiri ingesomwa halbadiri, kisomo cha kumwapiza mkosaji, na mkosaji waliyemkusudia ni mwalimu wetu.

Sisi ni watu wazima tunaosoma ngumbaru jioni katika chumba cha chuo, pale watoto wanaposomea Kurani asubuhi. Mwalimu wetu, Bi Bochaberi, ni Mkristo kutoka bara. Jumatatu alitufundisha asili ya viumbe. Aligawa ubao nusu kwa nusu. Upande mmoja aliandika imani ya uumbaji: kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyeumba mbingu, ardhi na kila kiumbe, wala havikutokea vyenyewe. Akaeleza kwamba wapo waumini wanaozihesabu siku sita kama siku hizi zetu, na wapo wanaosema siku za Mungu ni zama ndefu. Upande wa pili aliandika wanayosema wanasayansi, kwamba viumbe vilibadilika polepole kutoka viumbe vya kale. Ubaid, fundi wa mawe, akamwuliza kama babu yake alikuwa na mkia. Mwalimu alicheka pamoja nasi, akasema babu yake alikuwa na ng'ombe tu, na kwamba yeye humwomba Muumba kila asubuhi.

Kisha akaanza kufuta. Alifuta upande wa kwanza kwa tambara la kupigia deki. Hakujua kwamba hapa maandishi yenye jina la Mungu huoshwa kwa maji safi, na maji yale humwagwa pasipokanyagwa. Kabla sijamwambia, adhana ya magharibi ikaanza. Kwa kuiheshimu, akaliweka tambara chini, akanyamaza, akatufungulia mlango twende kuswali; hakurudi kumalizia kufuta.

Jana asubuhi watoto walikuta ubao una upande mmoja tu, ule wa viumbe vya kale, na tambara sakafuni. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulisema mwalimu wa bara amemfuta Mungu. Jioni nilikuja darasani peke yangu; wenzangu hawakuja. Nilipomweleza mwalimu yanayosemwa mtaani, akasema hata mwenye duka hakumwitikia salamu.

Leo nilikwenda naye kule chuoni. Wanaume walikuwa wameketi mkekani, ubani unafuka. Bwana Kamaludin, mwenye chuo, aliinua macho.

"Bi Hadia, rudi nyumbani. Kisomo hiki hakichagui; humpata hata aliye karibu."

"Najua, Bwana. Lakini mimi nilikuwapo."

Nikawaeleza habari ya tambara na ya adhana. Nilimtazama Ubaid, aliyeketi kati yao, athibitishe, naye akatazama mkeka.

"Mola ndiye alieumba mbingu na nti," Bwana Kamaludin alisema taratibu. "Aliyelifuta jina lake atajibu."

"Hata asiyejua?"

Bwana Kamaludin alifungua kitabu. Nje wingu lilikuwa limeufanya mchana kuwa giza, na mtu mmoja akainuka kufunga dirisha. Nilimshika Bi Bochaberi mkono.

"Naahidi mbele yenu nyote," nilisema. "Kesho nitaleta maji safi nimfundishe kuosha ubao, na nitaketi kiti cha mbele. Mkisoma, anzeni na jina langu. Apizo likimfika yeye, litakuwa limeshanipitia mimi."