Kafuri Mbele ya Komisere

Kitu cha kwanza Riziki alichokiona ni kipara cha Komisere, kiongozi wa serikali. Kilimeta kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Ukumbi wa Chama hapa Kindu ulikuwa umegeuzwa studio, na watu wa televisheni waliotoka Kinshasa walikuwa wakijaribu taa kabla ya hotuba yake kurekodiwa.

"Taa hii ni kali," alisema Kabeya, fundi wa taa, mzaliwa wa Kasai. "Tukitundika kitambaa cheupe mbele yake, mwanga utalainika." Akamgeukia Riziki, msichana aliyefagia ukumbi. "Dada, kwenu iko kimoja?"

Kukataa kulihitaji maneno, na mbele ya wageni maneno yalimkimbia Riziki. Akaenda nyumbani. Nyanya yake, Sharifa, alikuwa sokoni. Nyumba nzima ilikuwa na kitambaa cheupe kimoja tu, ndani ya sanduku: sanda ambayo bi kizee alijiwekea mwenyewe, imekunjwa pamoja na kafuri. Riziki akaapa moyoni kwamba itarudi salama kabla nyanya hajajua.

Ikatundikwa. Komisere akapendeza ndani ya abakosi yake, suti isiyo na tai, akarudi ujana. Kisha watu wa mtaa wakaitwa waje kupiga makofi, na nyanya akakaa mstari wa mbele.

Hotuba ilipokolea, taa ikapasha kitambaa moto, na harufu ya kafuri ikatambaa ukumbini. Makofi yakafifia. Mzee Bulaimu akainamisha kichwa.

"Nani amekufa?" akanong'ona.

"Sijui," jirani yake akajibu. "Lakini amekwisha kuoshwa."

Wazee wakaanza kusoma dua chini chini. Komisere, akidhani maneno yake yamewaingia, akarefusha hotuba.

"Sanda yangu njo ile," nyanya alisema taratibu. "Kama nimekufa, mungeniambia."

Hotuba ilipokwisha, Kabeya aliishusha sanda. Katikati palikuwa na doa la kahawia, pana kama sahani.

"Mama, unisamehe. Imeungua kidogo."

"Mutoto wa Kasai, unataka nifike kwa Mungu kama mutu aliyetoka jikoni?"

Njiani nyanya hakuuliza nani aliitoa sandukuni. Alisema tu, "Kesho nitatuma mutu kule muji wa Kalima aniletee ingine."

Riziki alimfuata nyuma. Kila Ijumaa nyanya huikunjua sanda ile, akaipima mabegani na kuuliza kama inampendeza, na Riziki huitikia kwa kichwa.

"Usitume, Nyanya," alisema. "Haikupendezi. Haijapata kukupendeza hata siku moja."