Sufuria Ndogo ya Winifred

Wapo watu wanaoweza kukuumiza kwa kijiko, tena kwa roho safi, na usiku wakakuombea. Gahongayire, au Mama Mutsinzi kwa wateja wake, mwenye mkahawa nyuma ya magereji ya Gikondo, alikuwa mmoja wao.

Kwake watu hula melanje: unachukua sahani moja, unapita mbele ya vyakula mara moja tu, hurudii. Ndiyo maana wateja wamegeuka mafundi ujenzi. Wali chini, viazi juu yake, makaroni ya kuziba mianya, maharage kama saruji, na kileleni kipande cha nyama anachoweka Gahongayire mwenyewe. Ukitoka na sahani isiyo na kilima, watu hujua unaumwa au umefiwa.

Winifred, karani wa bohari ya jirani, alianza kutoka na sahani isiyo na kilima mwezi Machi. Sababu aliiweka moyoni. Figo za mdogo wake Shyaka zilikuwa zimekufa zote mbili, na mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Winifred alikuwa tayari kumpa figo yake moja. Vipimo vyote vilikubali, isipokuwa mzani. Daktari alisema hatampasua mpaka ashuke chini ya kilo themanini, naye alikuwa na tisini na moja.

Basi akaziacha chipsi, akaiacha mizuzu ya kukaanga, akaacha na soda. Alimwomba Gahongayire ampikie pembeni supu ya maharage na mboga za dodo, yaani mchicha, kwa maji na chumvi, bila tone la mafuta. Gahongayire akaitikia, akatenga sufuria ndogo.

Wenzake wa ofisini wakapata la kutafuna. Huyu akasema mume amemkimbia, yule akanong'ona kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kiprotich wa mapokezi alimuuliza mbele za watu kama kile ni chakula au dawa. Winifred aliyameza yote pamoja na supu. Na supu yenyewe, kusema kweli, ilikuwa tamu, hata akamsifu mpishi.

Alishuka hadi themanini na nne, mzani ukagoma. Alianza kulala na chai kavu, akawa anapanda mlima wa Kinyinya kwa miguu kila alfajiri, wapi. Mwezi mzima hakushuka hata nusu kilo. Alhamisi daktari alimuuliza, kwa upole unaochoma kuliko tusi, kama kweli ana nia ya kumsaidia ndugu yake. Upasuaji ukasogezwa mbele.

Alitoka huko moja kwa moja hadi mkahawani, wateja hawajafika, akapitia jikoni kunawa mikono. Gahongayire alikuwa ameiinamia sufuria ndogo. Akatia unga wa karanga, vijiko vinne vya kujaa. Akakoroga. Kisha akakata siagi kipande kikubwa kama sabuni, akakizamisha.

"Unafanya nini, Mama Mutsinzi?"

Gahongayire alitabasamu kama mtu aliyekutwa akitoa sadaka. "Weye unaisha, dada. Kila siku naona nguo inakuwa kubwa. Nikasema huyu hatafia kwa mkahawa yangu. Naweka kidogo tu ya nguvu, disi, maskini. Iko kama mwezi sasa."

 Winifred akamwambia yote: figo, mashine, mzani, swali la daktari. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. Gahongayire aliketi juu ya gunia la viazi, machozi yakamtoka.

"Sasa kwa nini hukuniambia? Ningejua iko mgonjwa, singeweka."

Maneno hayo yalimuudhi Winifred kuliko siagi yenyewe.

"Nilikuambia. Siku ya kwanza nilisema bila mafuta, ukanijibu sawa. Ulitaka nikuletee mtu anayekufa ndipo uniamini kwamba najua ninachotaka kula?"

 Gahongayire aliimwaga ile supu, akaisugua sufuria kwa majivu, akabandika maji upya.

Saa sita wateja wakaingia. Kiprotich alifika mbele ya nyama na sahani isiyo na kilima, akaomba asiwekewe mchuzi, maana suti yake ya harusi imekataa kufunga. Upawa tayari ulikuwa umejaa.

"Nani mgonjwa kwenu?" Gahongayire alimuuliza.

Winifred, aliyekuwa mezani na supu yake mpya, akaweka kijiko chini.

"Hakuna mgonjwa, Mama Mutsinzi. Hataki mchuzi."