Chuma cha Chini

Maktaba yetu ina ngazi za mawe, na mjukuu wangu miguu haimbebi. Kila akitaka kitabu, mjomba wake humbeba mgongoni, naye hufumba macho kwa aibu, maana ni msichana mkubwa sasa. Mwisho akaniambia, "Bibi, nisipoingia mwenyewe, siendi tena." Namjua huyu, akisema basi ni basi.

Ikajengwa njia ya mteremko. Mwanangu kitinda mimba, fundi wa kuchomelea, akaweka vyuma vya kushikilia: cha juu cha watu wazima, cha chini cha watoto na wenye viti vya magurudumu. Njia ikazungushiwa mabati, ikatiwa kufuli, asiingie mtu kabla haijakaguliwa. Tulipofunguliwa kuikagua, rangi ya chuma cha juu ilimeta kama sahani mpya. Ya cha chini ilikuwa imelika, tena kwa upande wa chini, pale vidole vinapojikunja mtu akijivuta.

"Rangi gani hii, fundi, umechanganya na uji?" msimamizi wa jengo akacheka. "Kikate tu. Chuma kifupi hivi cha nani, cha paka?"

"Mzee, mtoto atashika nini?"

"Atasukumwa. Kata."

Mwanangu akawasha grenda. Mjukuu wangu alikuwa ameshaweka mkono pale. "Mjomba, zima. Kuna mtu kashika."

Nikagusa. Pale kivulini chuma cha juu kilikuwa baridi. Cha chini kilikuwa na joto, lile la kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

"Acheni hadithi zenu," msimamizi akasema, akainama, akakikamata ili atuaibishe. Kicheko kikamkatikia mdomoni. Akaanza kupanda. Mkono ulitangulia, mwili ukafuata, magoti ya suruali yake ya pasi yakiburuzika sakafuni. Mlangoni akakwama, akikitazama kitasa kilichokuwa juu yake.

"Hakifikiki," akasema, kwa sauti ndogo isiyo yake. "Muda wote huu, hakifikiki."

Kisha vidole vyake vikafunguka. Habari ya kukata haikutajwa tena. Mwanangu alikishusha kitasa siku ileile, msimamizi mwenyewe akimshikia bisibisi, jasho linamtoka.

Mjukuu wangu, kwenye kiti chake cha magurudumu, akapanda kwa mikono yake, akafungua, akaingia. Nikadhani ataachia mlango. Hakuuachia. Aliushikilia, akasogeza kiti chake pembeni, kama anayempisha mwenzake.

"Karibu," akasema.

Nami nilikuwa bado chini kabisa ya mteremko, na njiani hapakuwa na mtu.